Bafa: asidi nimeongeza, mbona pH yangu haikubali?

SWALI: Niko mwaka wa kwanza, semesta ya pili, kemia ya jumla imenikaba kwenye bafa (mchanganyiko wa asidi dhaifu na besi yake, unaoifanya pH isiyumbe sana). Lita 1 ina moli 0.10 za asidi asetiki na moli 0.10 za asetati, unaongeza moli 0.010 za HCl (ujazo haubadiliki), pH ngapi? Mi napata 4.70, majibu yanasema 4.65. Nakosea wapi?

JIBU: Mdogo wangu, kalkuleta umeibonyeza vizuri tu, kilichokuangusha ni kemia. Asidi umeipandisha toka 0.10 hadi 0.11 afu asetati ukaiacha palepale 0.10, sasa jiulize hiyo asidi asetiki ya ziada imetoka wapi? HCl ni asidi kali, ikiingia inaachia H⁺ zake zote, asetati inazidaka, na kila asetati inayodaka H⁺ inageuka kuwa asidi asetiki, yaani huku kukipanda kule lazima kushuke kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo asetati 0.090, asidi 0.110. Ka (kipimo cha asidi asetiki inavyoachia H⁺) ni 1.8 × 10⁻⁵, pKa (yaani −log Ka) 4.74, basi kwa fomula ya bafa, pH = pKa + log(asetati/asidi), unapata 4.74 + log(0.090/0.110) = 4.65.

Wanafunzi wengi wanaparamia fomula mapema mno. We andika kwanza mmenyuko wa mshale mmoja, H⁺ inaliwa mpaka iishe, hesabu moli zilizobaki, ndo uje kwenye msawazo. Na tumia moli tu, maana zote mbili ziko kwenye chupa moja, ujazo unakatika juu na chini.

Ona pia bafa ilivyofanya kazi: hiyo HCl ungeimwaga kwenye lita 1 ya maji matupu pH ingeporomoka toka 7 hadi 2, hapa imeshuka 0.09 tu.

Ila kuna mtego watunzi wa mitihani wanaupenda sana. HCl ikiwa moli 0.10, asetati yote imeliwa, ukilazimisha fomula unaambiwa log ya sifuri na kalkuleta inagoma. Hapo hamna bafa tena, una asidi dhaifu ya 0.20 M (moli 0.20 kwa lita) peke yake: H⁺ ni kipeuo cha pili cha 1.8 × 10⁻⁵ × 0.20, pH 2.72. HCl ikiwa moli 0.12 je? Zinabaki moli 0.02 za H⁺ zisizo na wa kuzidaka, pH 1.70, asidi asetiki achana nayo.