Nimekwama kwenye hasira, nisome kitabu gani?

SWALI: Habari mshauri. Nilifiwa na mama mwaka jana, nimesoma vitabu kadhaa vya uponyaji wa hisia na karibu vyote vinataja zile hatua tano za huzuni: kukataa, hasira, kubembeleza, sononeko, kukubali. Mimi bado niko kwenye hasira, kukubali sijafika. Nisome kipi kinisogeze?

JIBU: Pole sana dada. Ila hujakwama popote, hizo hatua hukupangiwa wewe. Zimetoka kwenye kitabu cha Elisabeth Kübler-Ross cha 1969, na yule daktari alikuwa anaongea na wagonjwa wanaokaribia kufa wenyewe, sio na watoto wao waliobaki. Watu wakazichukua wakambandika nazo kila mwenye uchungu, aliyefiwa, aliyeachwa, mpaka aliyefukuzwa kazi! Na mwenyewe kwenye kitabu alichoandika na David Kessler, kikatoka 2005, akasema wazi kwamba sio vituo vya kupita kimoja baada ya kingine na sio kila mtu atavipitia vyote. Hapo wanaozihubiri hizo hatua hawafiki, sijui hawasomi.

Kwa hasira yako soma A Grief Observed cha mwandishi C. S. Lewis, 1961. Kidogo tu, aliandika baada ya kufiwa na mkewe na mwanzoni akatumia jina la bandia, humo anamkasirikia Mungu waziwazi, leo kapoa kesho kachafukwa tena, hakuna ngazi yoyote anayopanda. Ndio maana nakipenda.

Wanaonichosha ni hawa wa "vuka hatua zote kwa siku 21, lipia nikutumie linki". Mafunzo hana, ukimpigia usiku umezidiwa hapokei, na usipopona anakwambia hujaamua kupona. Wengine wanakwambia fumba macho ukumbuke tukio baya kuliko yote, peke yako, chumbani, kwa kufuata sauti ya kurekodiwa! Aliyebakwa au aliyekuwa anapigwa ndani ya nyumba akifanya hivyo anaweza kuamka na hali mbaya kuliko aliyolala nayo. Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili, kaliandika hili tangu 1992, kwamba usalama kwanza, kumbukumbu baadaye, na pawepo mtu anayejua anachofanya. Kwahiyo kitabu au kozi yoyote inayoanza na kufukua, au inayokupa tarehe ya kupona, achana nayo hata kama ina ushuhuda mia.

Na kama usingizi umekata, huli, au unatamani usiwepo, hapo usitafute kitabu, nenda hospitali leo na umwambie mtu wa karibu akusindikize.