Maswali Yenu: Meli Iliyopakia Watu Kwenda na Kurudi

Makala yangu ya makoloni ya Waingereza huko Amerika imeniletea maswali mengi. Nimechukua manne.

Shuleni tulifundishwa kwamba Wahindi Wekundu hawakuweza kazi za utumwa, ndipo wakaletwa Waafrika. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Si kweli, na maelezo hayo huniudhi: ni kama watu wanalinganisha punda na ng'ombe mnadani. Wenyeji wa Amerika walitiwa utumwani kwa maelfu.

Mwaka 1637 walowezi wa Kiingereza, wakisaidiwa na makabila mawili ya wenyeji, Wamohegan na Wanarragansett, waliichoma ngome ya kabila jingine, Wapequot, pale Mystic, katika Connecticut ya leo. Mamia waliteketea, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Waliotekwa katika vita hivyo waligawanywa kama ngawira, na baadhi wakapakiwa kwenye meli iliyoitwa Desire, wakauzwa visiwani Karibi. Mwaka 1638 meli ileile ikarudi Boston na shehena ya pamba, tumbaku, chumvi na Waafrika. Mimi kila nikisoma habari za meli hiyo nasita kusema kulikuwa na biashara mbili.

Kusini mambo yalikuwa makubwa zaidi. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya 1670 na 1715 biashara ya Waingereza huko ilimeza wenyeji kati ya 24,000 na 51,000. Katika miaka hiyo bandari ya Charleston, huko Carolina, ilisafirisha watumwa wenyeji wengi kuliko Waafrika iliowapokea.

Mbona basi ikafifia? Maradhi yaliyotoka Ulaya yaliangamiza vijiji. Aliyetekwa karibu na kwao alijua njia za msituni, akatoroka. Na mwaka 1715 Wayamasee, kabila la wenyeji waliokuwa washirika wa Waingereza katika uwindaji huo wa watu, waliwageuka, na koloni la Carolina Kusini nusura lifutike.

Yule mwenyeji aliyewasaidia walowezi wa Plymouth alijifunza wapi Kiingereza? (Arusha)

Utekwani. Tisquantum, wa kijiji cha Patuxet katika Massachusetts ya leo, alilaghaiwa na nahodha Mwingereza Thomas Hunt mwaka 1614 pamoja na wenzake, akapelekwa kuuzwa Málaga, Hispania. Akafika London, na mwaka 1619 akarudi kwao. Hakukuta mtu: ugonjwa ulikuwa umekimaliza kijiji kizima. Mwaka uliofuata walowezi wa Kiingereza wakajenga Plymouth papo hapo, juu ya mashamba ya marehemu.

Je, Waafrika wa kwanza Virginia mwaka 1619 walikuwa watumwa au vibarua wa mkataba? (Mombasa)

Walikuwa ishirini na kitu, waliotekwa Angola na kuporwa baharini kutoka meli ya Wareno. Walibadilishwa kwa chakula, kwa hiyo neno "kibarua" linawaremba tu. Ila sheria ya utumwa ilikuwa bado haijakaa sawa, na baadhi ya Waafrika wa mwanzo walipata uhuru. Tazama ilivyokazwa.

Elizabeth Key alikuwa binti wa Mwingereza na mama Mwafrika mtumwa. Alishtaki, akieleza kwamba kwa desturi ya Uingereza mtoto hufuata baba, tena yeye amebatizwa. Mwaka 1656 akapata uhuru wake. Mwaka 1662 bunge la Virginia likaziba mwanya huo: mtoto atafuata hali ya mama. Tangu hapo bwana aliyemzalisha mtumwa wake alijiongezea mali, na damu yake mwenyewe akaiorodhesha pamoja na ng'ombe.

Msomaji wa Pwani ataona tofauti mara moja. Kwetu mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana wake alizaliwa huru. Sayyid Barghash mwenyewe alizaliwa na suria wa Kihabeshi. Sisemi utumwa wa Pwani ulikuwa mwepesi, maana waliosombwa na misafara kutoka bara wangenicheka. Nasema tu kwamba Virginia ilichagua sheria nyingine, na iliichagua kwa sababu ilikuwa na faida.

Watu wa upande wetu walifika huko? (Dar es Salaam)

Wachache. Kampuni ya Kifalme ya Afrika, ya Waingereza, ilihodhi biashara yao ya Afrika Magharibi, hivyo miaka ya 1690 wafanyabiashara wa New York, kama Frederick Philipse, walituma meli hadi Madagascar, ambako mkono wa kampuni hiyo haukufika. Wamalagasi wengine walishushwa Virginia karibu na 1720. Waliotoka Kilwa walielekezwa zaidi visiwani: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion.