Jibu: Kuogopa chenji ya konda, kutoogopa msiba

Mkuu, umeuliza kwa nini enzi za korona watu walisita kupokea chenji ya konda, halafu msibani wanakumbatiana. Nilikuwa Dodoma 2020, niliyaona. Sokoni Majengo mgeni akikohoa tu, watu wanatawanyika. Jioni wale wale wamebanana kibanda umiza, madirisha yamezibwa kwa magunia! Tulipima hatari kwa sura: mgeni mgonjwa, ndugu salama. Kumbe kirusi kilipita zaidi kwenye hewa tunayopumua kwa pamoja, hasa ndani palipofungwa, kuliko kwenye noti. Kunawa kulisaidia, sikatai. Ila daladala iliyofungwa vioo kukwepa vumbi (unaujua upepo wetu wa Agosti) ndiyo ilistahili kuogopwa.