Mita 986 zisikudanganye: kupanda Inaccessible Pinnacle na mwongozaji

Nikiwaambia jamaa zangu wa Moshi kwamba mlima wa mita 986 ulinitoa kijasho chembamba, wanacheka. Mtu ukishafika Uhuru, mita 5,895, utatishwaje na kilima? Lakini Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ni mwendo wa miguu. Taabu yake ni hewa. Kwenye Inaccessible Pinnacle, kisiwani Skye huko Uskoti, hewa ipo tele. Tatizo ni pa kukanyaga.

Ni bamba la mwamba lililosimama juu ya Sgùrr Dearg, katika safu ya Cuillin, likikizidi kilele chenyewe kwa mita 8 hivi. Ndugu wawili, Charles na Lawrence Pilkington, ndio waliolipanda kwanza, mwaka 1880. Katika milima 282 ya Uskoti iitwayo Munro, yaani ile inayozidi futi 3,000, hapa tu ndipo huwezi kufika kileleni bila kupanda mwamba hasa. Hugh Munro mwenyewe, aliyetoa orodha ya kwanza ya milima hiyo mwaka 1891, alifariki 1919 akiwa hajalipanda.

Sasa, mwongozaji. Huko hakuna geti, hakuna kiingilio, wala sheria ya kukulazimisha uwe naye. Kwa hiyo kumchunguza ni kazi yako. Mwulize ana cheti gani. Wenye cheti cha Mountain Leader ni watu wazuri wa kutembea nao milimani, ila cheti hicho si cha kupandisha wateja miamba kwa kamba. Unayemtafuta ni Mountaineering and Climbing Instructor, au mwanachama wa British Mountain Guides. Akianza kuzungukazunguka kwenye jibu, mpigie mwingine. Na wapagazi sahau. Maji, chakula na nguo utabeba mwenyewe.

Acha nafasi ya siku moja mbili za akiba, maana Skye mvua haina adabu. Mwamba mwingi wa Cuillin ni gabro, mkwaruzo wake kama msasa: unashika vizuri hata ukiwa na unyevu, na utakula ncha za vidole vyako. Wa kuogopa ni basalti inayokatiza katikati yake, kwa sababu ikilowa inateleza vibaya. Ukungu nao ukishuka, dira si ya kuaminika, kwani mawe ya huko yana sumaku. Mwongozaji akisema leo haiwezekani, usimbembeleze. Mwulize mnaweza kupanda nini kingine.

Safari inaanzia Glen Brittle, karibu kabisa na usawa wa bahari, na mkwezo ni mkali. Upande wa mashariki wa bamba umepewa daraja la Moderate, miongoni mwa madaraja mepesi kabisa, na mishiko ni mikubwa kweli. Kinachotisha ni pande zote mbili kukatika ghafla. Mimi nilikuwa natazama mshiko unaofuata tu, basi. Katikati ya njia utasimama umefungwa kwenye mwamba ukisubiri mwongozaji atangulie, upepo unapiga, na siku nzuri kuna foleni. Vaa jaketi na glavu kabla hujaanza kupanda. Pale juu kufungua begi ni balaa.

Kushuka ni kwa kamba, upande wa magharibi, kama mita 20. Hapo ndipo wengi wanapogoma, maana mwili hautaki kuegemea nyuma kwenye utupu. Kajaribu kwanza kushuka hivyo kwenye ukumbi wenye kuta za mazoezi ya kupanda, ujue mkanda wa kiunoni na mapajani unaofungwa kwenye kamba unavyokubeba ukiukalia. Tanua miguu, tazama nyayo zako, na mwombe mwongozaji akufunge kamba ya pili ya usalama.

Kuhusu msimu, mimi napendelea Mei: mchana mrefu, na visubi bado hawajashika kasi. Ukienda Julai, nunua chandarua cha kichwani kabla hujafika Glen Brittle.