Doa la ukutani bafuni: tafuta maji kwanza

Pole dada. Umepaka rangi mara tatu na doa linarudi palepale chini ya shawa. Usipake tena kabla hujajua maji yanatoka wapi. Zungushia ukingo wake kwa penseli, uandike tarehe. Wikendi mkienda ushago, acha koki ya tenki la juu ikiwa wazi ili mabomba yabaki na maji, ila mifereji yote ifungwe. Mkirudi mkute doa limevuka mstari, basi ni bomba la ndani ya ukuta, maana hilo lina maji usiku na mchana, au ni bafu la jirani wa juu, kamuulize. Likiwa limekauka, linatokana na kuoga kwenu. Hapo mwaga ndoo nzima ya maji moja kwa moja kwenye tundu la sakafu la kutolea maji bila kulowesha vigae, usubiri siku moja: doa likilowa, shida iko kwenye tundu hilo. Lisipolowa, kesho yake lowesha vigae vya ukuta tu: likilowa sasa, maji yanapenya ukutani hapo. Kwetu shida ilikuwa nyuma ya kile kikombe cha chuma kinachofunika shina la mfereji: nilikivuta, nikakuta tundu wazi linaloingia kidole, maji yakiteremka nyuma ya vigae. Silikoni kidogo tu ya kuziba, na ukuta ukakauka. Anza kuangalia hapo kabla fundi hajavunja chochote.