Magugu maji na zebaki ya mwaloni

SWALI: Habari za kazi. Nina mwalo mdogo wa kuoshea dhahabu huku Geita, mawe yakitoka karasha (mashine ya kusaga mawe) tunaosha, dhahabu tunakamatia na zebaki kwenye beseni, maji tunamwaga shimoni. Mvua ikiwa kubwa shimo linafurika mpaka kijitoni na ng'ombe wanakunywa hapo hapo. Jamaa kaniambia nipande magugu maji shimoni yatanyonya zebaki yote. Kweli au ananipanga?

JIBU: Hajakupanga ila kakupa nusu habari. Mizizi ya gugu maji, ile inayoning'inia kama ndevu, inakamata kweli zebaki iliyoyeyuka majini. Ila zebaki nyingi ya mwaloni haijayeyuka, ni vile vitone vizito vimelala kwenye tope chini na mizizi inayoelea haivifikii. Halafu zebaki ni madini bwana, haiozi, ikitoka kwenye maji imehamia kwenye gugu basi. Ukiliacha lioze humo inarudi, ukilichoma mnaivuta na moshi, ukimpa ng'ombe ndo umeharibu kabisa. Na kwenye kijito usilipeleke, kero yake Ziwa Victoria mnaijua.

Kuna bakteria pia wana kimeng'enya cha kugeuza zebaki iliyoyeyuka ikawa zebaki ya kawaida. Wajerumani waliwatumia kusafisha maji taka ya kiwanda cha klorini, waliwaotesha kwenye vijiwe vyepesi vyenye matundu ndani ya tangi wakawa wanawalisha sukari, zebaki ikabaki humo tangini kama vitone. Lakini hiyo ni tangi lililofungwa, shimo la wazi ile zebaki inapaa kama mvuke unaivuta wewe. Na sio bakteria wote wema, wapo wa kwenye tope lisilo na hewa wanaigeuza kuwa methili zebaki inayoingia kwenye samaki, ndo iliyoua watu Minamata kule Japani, ugonjwa uligundulika 1956.

Mi ningekuwa wewe ningeanza na shimo lenyewe, lisakafie kwa saruji, linyanyue kingo, lisogeze mbali na kijito, na beseni la zebaki lisiingie kwenye maji yanayotiririka. Kuchoma ule mchanganyiko wa dhahabu na zebaki tumia ritoti, chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke wake, zebaki inarudi unaitumia tena. Ng'ombe watafutiwe maji mengine, na nyumbani msidanganyane kwamba mkichemsha ya kijitoni yanakuwa salama, zebaki haifi kwa moto.