Mgao ukiingia kaunti, nitalipwa?

Swali: Nina duka la karatasi na wino wa printa River Road, Nairobi. Miaka miwili iliyopita niliiuzia kaunti moja mali ya shilingi milioni 1.4. Kila nikiuliza, naambiwa pesa hazijatoka Hazina ya Taifa. Sasa kuna jamaa anataka asilimia 10 alisukume faili langu kabla mgao, yaani fungu la kaunti kutoka Hazina, haujaingia. Nimpe?

Jibu: Usimpe hata senti. Kesi kama yako hunijia kila wiki, na kinachoniuma zaidi ni hilo jibu la "pesa hazijatoka", maana wafanyabiashara wote wameliamini. Kweli, Hazina huchelewesha mgao, ingawa ibara ya 219 ya Katiba ya Kenya inaagiza ufike bila kuchelewa wala kukatwa. Lakini mgao huchelewa kwa miezi. Deni lako lina miaka miwili.

Shida ilianzia kwenye bajeti. Mbali na mgao, kaunti hutegemea mapato ya ndani: kodi ya ardhi, leseni, maegesho. Matumizi yakizidi, kinachopandishwa ni makadirio ya mapato hayo, hesabu zisawazike kwenye karatasi. LPO, ile hati ya kaunti ya kuagiza mali, hutolewa, mali hupokelewa, halafu pesa zenyewe hazikusanywi. Mgao ukifika, unakuta mishahara inausubiri.

Huyo broka wa asilimia 10 atakutajia bilioni 415 zilizotengewa kaunti 47 mwaka wa fedha wa 2025/26. Hakwambii kwamba hakuna shilingi inayotoka Mfuko wa Mapato wa Kaunti bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, na idhini hiyo hufuata bajeti iliyopitishwa. Kama deni lako halimo kwenye bajeti ya mwaka huu, hakuna faili la kusukuma. Andikia idara ya fedha, uambatishe LPO na hati ya kupokea mali, uulize kwa maandishi kama deni limesajiliwa na limetengewa fungu. Nakala mpelekee MCA, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, bajeti ya nyongeza ikikaribia.

Na nyinyi mnaoambiwa mitandaoni kwamba tenda ya kaunti ni pesa ya uhakika, ni uongo. Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti kila robo mwaka, bure, zikionyesha kila kaunti ilikadiria kukusanya kiasi gani na ilikusanya kiasi gani. Zisomeni za miaka mitatu kabla ya kupakia mali kwenye lori. Nimeona watu wakiweka logbuku ya gari rehani kwa ajili ya LPO, gari likapigwa mnada, na deni la kaunti bado liko pale pale.